Karafuu kwenye makaroni ya Corfu

Mi nilikuwa najua visiwa vya Ugiriki ni zile nyumba nyeupe zenye kuba za bluu, basi, kama kwenye kalenda. Kumbe hizo ni za bahari ya Aegean huko. Sisi tulienda magharibi, visiwa vya Ionia, wenyewe wanaviita Eptanisa yaani visiwa saba, tukaanzia Corfu ambayo wao wanaiita Kerkyra, na hamna jeupe wala nini. Maghorofa ya njano na pinki iliyopauka, vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha hili hadi lile, na kijani kila upande maana mvua ya huko haina mchezo. Mizeituni imeachwa ikue mpaka imekuwa mijiti mikubwa kweli, chini yake wanatandaza nyavu, zeituni zikiiva zinadondoka zenyewe. Watu wa Venice ndo waliwalipa wanakijiji waipande, walitawala hapo tangu 1386 mpaka 1797.

Tukaangukia Pasaka ya Kiorthodoksi bila hata kupanga. Jumamosi saa 5 asubuhi kengele zikalia, ghafla watu wakaanza kurusha mitungi ya udongo kutoka kwenye balkoni, mingine mikubwa kama mtoto wa miaka kumi, imejazwa maji ili ipasuke vizuri, na chini umati unapiga kelele mpaka masikio yanauma. Ikiisha watu wanaokota vigae wapeleke nyumbani, eti bahati. Na mimi nikaokota kimoja, kiko hapa mezani.

Sasa msosi. Niliagiza pastitsada kwa sababu tu jina lilinichekesha, ikaja nyama ya ng'ombe (zamani walikuwa wanatumia jogoo) imechemka taratibu kwenye nyanya na divai nyekundu, juu ya makaroni manene yenye tundu katikati. Nikainamia sahani nikanusa, nikamwangalia mwenzangu, akacheka. Pilau bana! Mdalasini, karafuu, kungumanga, ile harufu ya Ijumaa kabisa. Mchanganyiko wenyewe wanauita spetserika, na walijifunza kwa watu wa Venice tena, maana meli zao ndo zilikuwa zinaleta viungo kutoka Mashariki. Msianze kujisifu lakini, enzi hizo karafuu ilikuwa inatoka visiwa vya Maluku, Zanzibar wamekuja kuipanda baadaye sana. Kuna na bourdeto, samaki wa pilipili nyekundu, na yenyewe inawasha kweli, sio kuwasha kwa Wazungu.

Zakynthos, kisiwa kingine kati ya hivyo saba, tulipita siku moja tu. Ghuba ya Laganas kasa wanakuja kutaga kiangazi, wale duvi wenye kichwa kikubwa, na tangu 1999 ni hifadhi ya bahari. Tulifika mapema mno, hatukuona hata mmoja.

Siku ya mwisho tukarudi Corfu, tukakaa chini ya matao pale uwanjani, mhudumu akasema lazima tuonje tsitsibira. Chupa ndogo, ina povu, ndimu na tangawizi. Waingereza walipokuwa wanasimamia visiwa, 1815 mpaka 1864, waliacha kriketi na hiki kinywaji, ndo ginger beer yao imetamkwa Kigiriki. Nzuri, ila tangawizi kidogo mno. Nikaagiza ya pili hivyo hivyo.