Bajeti ya nyumbani na hesabu za kikoba: programu mbili nilizobaki nazo

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Morogoro, tuko wanachama 25, na nyumbani pia pesa ya matumizi inapita mikononi mwangu. Mwaka jana nilitafuta programu moja huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ibebe kazi zote mbili. Nilikosea, na miezi miwili ikapotea.

Nilianza na GnuCash, iliyopo tangu 1998. Ni ya kihasibu hasa: kila shilingi lazima itoke akaunti hii iingie ile. Naiheshimu sana, ila kuandika fungu la mchicha kwa utaratibu huo kila jioni kulinichosha.

Nikahamia Actual Budget, iliyokuwa ya kulipia hadi ilipofanywa huria mwaka 2022. Hii niliielewa siku ileile. Mama yangu alikuwa akifunga ada yetu kwenye pindo moja la khanga, nauli kwenye pindo lingine, na pindo la ada halikufunguliwa kwa ajili ya sukari. Actual ina desturi hiyohiyo. Unagawa pesa uliyonayo tu, si mshahara unaousubiri, na fungu la matumizi likizidiwa, pengo linakatwa kwenye pesa ya kugawa mwezi unaofuata. Nimeficha senti, maana shilingi yetu haizihitaji. Kuunganisha benki moja kwa moja kumelenga hasa Ulaya na Amerika, kwa hiyo miamala ya M-Pesa naiingiza kwa mkono kila usiku, pamoja na makato. Ni dakika tano.

Kosa langu lilikuwa kuingiza kikoba humohumo, kila mwanachama na fungu lake. Hisa zilikaa vizuri, mikopo ikagoma. Marejesho na riba vikachanganyika na hisa, na siku ya kikao mwanachama mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Dada, mbona hisa zangu zimepungua?" Hazikuwa zimepungua. Lakini mtu akishaona namba yake imeshuka, maneno hayamtulizi. Tulihesabu pesa za sanduku upya mpaka magharibi.

Ndipo nikajaribu Budibase, ambayo si ya bajeti kabisa. Ni ya kutengenezea programu za matumizi ya ndani. Niliunda majedwali matatu, wanachama, hisa na mikopo, nikayaunganisha, nayo ikanitolea fomu na orodha. Kilichonifurahisha zaidi ni ruhusa: katibu anaandika, mwanachama anasoma tu. Ila ni nzito. Inawasha CouchDB, Redis na MinIO, programu tatu za kuhifadhi data, kwa pamoja, na laptop yangu yenye RAM ya GB 4 ilikuwa inaganda hadi nilipoiongezea ikafika GB 8. Actual inaendelea kwenye mashine hiyohiyo bila shida yoyote.

Daftari hatujaliacha. Kila kikao katibu anaandika humo kwanza, mimi naingiza kwenye Budibase, kisha tunasoma jumla zote mbili kwa sauti kabla ya kufunga zile kufuli tatu za sanduku.