Jirani yangu na ile "oui" yake

Leo nimepoteza zamu nzima ya kazi, na nauli juu yake, kwa sababu ya neno moja la Kifaransa. Acheni niseme, nikilala nalo litanikaba.

Ghorofa ya chini yangu hapa Bronx, New York, anakaa mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, na watoto watatu. Nikimwamkia shikamoo hanijibu marahaba, hunijibu "muzuri, kaka", yakaisha. Kiswahili chake ni kile cha Kivu, batoto na bantu. Ukikisikiliza siku mbili tatu kinakuingia. Kifaransa alichonacho ni cha darasa la nne: bonjour, merci, kuhesabu, na oui, yaani ndiyo.

Miezi miwili iliyopita alikwenda ofisi moja ya jiji, siitaji, kuomba kitu anachostahili. Karani akaona "Congo" kwenye karatasi zake, akapiga simu, akamletea mkalimani wa Kifaransa. Hakumuuliza anaongea nini. Na mama wa watu kwa adabu zake, mbele ya mtu mwenye kompyuta, kila akiulizwa anaitika oui. Akaulizwa ana watoto wangapi. Hilo alilielewa, akasema sept, saba. Wote wako nyumbani kwako? Oui.

Wakaandika kaya ya watu wanane.

Barua ikaja: lete uthibitisho wa watu wote wanane, tarehe fulani, 3:00 PM. Kiingereza kitupu. Akasomewa na mwanawe wa miaka kumi na moja, mtoto aliyekulia hapa, ambaye kwake tatu ni tatu. "Mama, saa tatu." Nyie mnajua kilichofuata. Mama kafika saa tatu ya kwetu, asubuhi, kakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa nane mchana, kaondoka kwenda kumchukua mdogo shuleni. Walipoita jina lake saa tisa hayupo. Barua ya pili ikasema faili linafungwa, ndipo akapanda ngazi kunigongea.

Sasa hasira yangu iko hapa. Jiji hili si kwamba halina sheria. Ipo Sheria ya Jiji namba 30 ya mwaka 2017. Inazitaka ofisi za jiji zinazohudumia wananchi zitafsiri nyaraka muhimu kwa lugha kumi: Kihispania, Kichina, Kirusi, Kibengali, Krioli ya Haiti, Kikorea, Kiarabu, Kiurdu, Kifaransa na Kipolandi. Kiswahili hakimo, usijisumbue kukitafuta. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukalimani wa simu uwepo kwa lugha zisizopungua 100, bure, na tangazo libandikwe ukutani watu walione. Na lilikuwepo! Liko pembeni ya mashine ya namba, limefunikwa nusu na tangazo la kuzuia kula ndani. Mama alikaa chini yake saa tano nzima.

Leo nikamsindikiza. Tulipofika dirishani karani akaniangalia mimi. "Wewe si unaongea Kiingereza? Mtafsirie." Nakiri nilishawishika. Dakika kumi tungemaliza, ningewahi hata nusu ya zamu. Lakini nikikosea mimi, sahihi ni ya nani? Nikasema hapana, tunaomba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yake. Karani akashusha pumzi kama nimemwomba figo.

Jamaa mmoja nyuma yetu kwenye foleni akasema kwa sauti, ili tusikie, kwamba siku hizi Kiingereza ndiyo lugha rasmi, watu wajifunze. Ni kweli, Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, na akaifuta ile ya Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Ila amri ya rais haifuti sheria ya jiji, wala haifuti Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile ya kukataza ubaguzi, ambayo mahakama yao ya juu kabisa ilishaitumia mwaka 1974 kwa watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza, foleni ilikuwa ndefu na jamaa alikuwa na mabega.

Halafu nikiwa pale nimevimba, nikakumbuka jambo ambalo sikulipenda. Kabla ya kuja huku nilikaa miaka minne masijala, katika halmashauri moja mkoani Manyara. Walikuwa wanakuja akina mama wa Kibarabaig, wametembea tangu usiku, Kiswahili hawana. Mimi nilikuwa nawaambiaje? "Mama, ongea Kiswahili, hii ofisi ya serikali." Kwa sauti ya juu, kama vile ukipaza ndiyo wataelewa. Tukikwama tunamwita mtoto yeyote mwenye sare ya shule anayepita nje, atafsiri mambo ya shamba na mirathi. Hakuna aliyewahi kubandika tangazo kwenye ukuta wetu, hata la kufunikwa nusu.

Turudi dirishani. Simu ikawekwa kwenye spika. Mkalimani akajitaja kwa namba, ndivyo wanavyofanya, na ninyi mnaokuja huku iandikeni ile namba pamoja na tarehe, siku wakikugeuka unayo pa kuanzia. Lafudhi ya Mombasa, taratibu, kila neno limekaa. Akauliza, "Mama, nyumbani kwako una watoto wangapi?"

"Niko na batoto saba."

Nikafumba macho. Maana nyumbani kwa mtu wa Uvira ni wapi? Ni Uvira. Hata mimi, miaka tisa hapa, mtu akiniuliza nyumbani sitaji Bronx. Lakini yule kijana wa Mombasa aliusikia ule mlango. Akasema, "Mkalimani anaomba ruhusa kufafanua neno." Mama akanigeukia: "Kumbe kuko na mwingine tena?" Nikamwambia ni huyuhuyu, ndivyo walivyofundishwa kujitaja. Akauliza upya: mama, hapa New York, usiku mnapolala, ndani ya nyumba hiyo mnalala wangapi?

"Tuko bane. Miye na batoto batatu."

Miezi miwili, barua mbili, imekwisha kwa swali moja lililoulizwa na mtu anayejua kwamba "nyumbani" ina vyumba viwili.

Kwa hiyo wewe mkimbizi unayesubiri ndege ya kuja huku, uwe kambini Kigoma au Nakivale kule Uganda au popote, nisikilize. Ukiulizwa lugha usiseme "African", na usikubali kuandikwa Kifaransa kwa kuwa eti umetoka Congo au Burundi. Sema "Swahili", hivyohivyo bila "ki", kwenye orodha zao kiko chini ya S. Kama Kirundi au Kibembe ndiyo lugha ya moyo wako, taja hiyo, utasubiri kidogo lakini watatafuta. Usiitike ndiyo kwa usichokielewa. Adabu yetu ile huku inasomwa kama ushahidi. Usimtume mtoto. Hapa New York unapiga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, unataja lugha yako, unasubiri kwenye laini. Na ukinyimwa mkalimani ofisini, malalamiko unayapeleka hapohapo 311. Saa ukisomewa, uliza asubuhi au mchana, halafu uliza tena. Miji mingine ina utaratibu wake, kuna ambako hata tangazo la kufunikwa nusu hutaliona.

Karani, nimpe haki yake, alirekebisha palepale. Akafuta wanane, akaandika wanne, akageuza skrini mama aone.

Mama akaitazama ile namba kwa muda. Akaniuliza wale wengine amewaweka wapi. Nikamwambia wanaandikwa wanaolala hapa tu. Akasema kwenye spika, si kwangu, "Umwambie aandike na bale ba Uvira. Hata chini kabisa."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Karani akashuka na kipanya mpaka mwisho wa fomu, akapanda tena, akasema hakuna mahali pa kuwaandika.