Pampasi zilikuwa ndani ya beseni

Mtu akiniambia tena "beba kila kitu, mtoto mdogo hatabiriki," namkata jicho tu. Ushauri huo alinipa mwenzangu wa kazini mwenye watoto watatu, nami mwenye mmoja nikaona nimempata profesa. Wetu alikuwa na miezi 5. Safari yenyewe ni ya basi, mwendo wa kama saa 7 hivi, tukakae kwa ndugu siku nne. Nikafunga sanduku ambalo ungedhani tunahama.

Kufunga mizigo najiona fundi, nisifiche. Nguo naviringisha, sikunji. Soksi naziingiza ndani ya viatu. Safari hii nilibeba hadi beseni la kumwogeshea, humo nikapanga chupa zake, na ili zisigongane nikazizungushia pampasi. Pampasi zote, isipokuwa mbili za kwenye mkoba. Nikamwita mke wangu aje aone kazi.

Sanduku likatupwa kwenye buti, likafunikwa na mizigo ya watu. Pampasi ya kwanza iliisha hata kabla basi halijaondoka. Tukiwa njiani mtoto akanyamaza, ule ukimya ambao kila mzazi anaujua, na kilichofuata kilipanda mgongoni hadi shingoni. Tukamvisha ile ya pili.

"Nyingine ziko wapi?" mke wangu akauliza.

"Ndani ya beseni."

"Na beseni?"

Sikujibu. Nguo za kumbadilisha nazo zilikuwa huko huko, kwa hiyo nikavua shati langu, tukamfunga nalo. Haikupita saa moja akarudia. Madirisha yakaanza kufunguliwa, moja baada ya jingine, na mama mmoja wa kiti cha nyuma akaninyooshea pampasi: "Shika hii, baba, utaikunja juu." Ilikuwa ya mtoto anayetembea. Ilimfika kwapani, lakini ilifanya kazi. Nikashuka kwa wenyeji nimevaa singlendi yenye doa.

Wakati wa kurudi nilifunga upya, peke yangu, nikiwa na hasira. Nilichukua vifuko vya plastiki vya zipu. Kila kifuko pampasi moja, tishu za maji chache, nguo jozi moja kamili, na kifuko kitupu cha kutilia uchafu. Mfuko mmoja, ajali moja. Unachomoa kwa mkono mmoja huku wa pili umemshika mtoto, na hakuna kuulizana soksi ziko wapi. Nilitengeneza 6: nilipiga hesabu ya pampasi moja kwa kila saa mbili, nikaongeza mbili. Fulana yangu na blauzi ya mama nazo zikawa na kifuko chao, maana mtoto hachafuki peke yake. Ajali ilitokea tena, mara mbili, na ya pili niliimaliza jirani yangu hajaamka.

Maziwa ya kopo usiyakoroge nyumbani ukaondoka nayo. Yakishakorogwa, nje ya friji hayavuki saa mbili, na akishanyonya yanayobaki ni ya kumwaga. Mimi napima unga mkavu kwenye vikopo, chupa ya chai inabeba maji yaliyochemka, nakoroga yakiwa bado ya moto halafu napooza chupa kwenye kikombe cha maji baridi. Kuna aliyetushauri tumpe maji ya kunywa kwa sababu ya joto. Wa chini ya miezi 6 maji yake ni maziwa, basi.

Dawa ya homa na kile kibomba chake cha kupimia, pamoja na kipimajoto, vikae kwenye mkoba wa mkononi. Kigari tulikibeba, hakikuguswa. Mbeleko ndiyo ilitubeba sote. Nguo nilihesabu tuliporudi: za mtoto zilikuwa kama 22, alivaa 9. Beseni halikutumika, wenyeji walikuwa nalo, tena kubwa kuliko letu.

Juzi yule mwenzangu wa watoto watatu kaniomba sanduku langu, anasafiri na familia. Nimempa. Na beseni nimeliacha humo humo.