Kolamu yangu ya Ng'ombe na ile #ERROR iliyonisumbua

Hesabu za maziwa ya nyumbani naziandika kwenye Org, ile ya ndani ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta, jedwali la maandishi matupu, mistari na vijiti tu. Faili unaweza kulifungua hata kwenye simu ya batani ikiwa inasoma maandishi. Aliyeianzisha mwaka 2003 ni Carsten Dominik, mtaalamu wa mambo ya nyota, na mi nashukuru sana kwamba kitu cha mtu wa nyota kimekuja kunisaidia kuhesabu lita za mama.

Sasa ngoja niwaambie kilichotokea, maana kimenifundisha kuhusu majina ya kolamu kuliko kitu kingine chochote.

Mwanzoni nilikuwa natumia namba. Kolamu ya 1 Siku, 2 Asubuhi, 3 Jioni, 4 Jumla, 5 Bei, 6 Fedha, na chini fomula yangu ni $4=$2+$3::$6=$4*$5, basi ($4 ni kolamu ya 4, na :: inatenganisha fomula mbili). Ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa. Halafu ng'ombe mmoja akazaa, mama akasema kuanzia sasa tuandike na maziwa anayoachiwa ndama, nikafungua faili kwenye programu nyingine ya kuandikia tu, nikachomeka kolamu ya Ndama kwa mkono katikati ya Jioni na Jumla, nikajaza mwezi mzima. Jioni nikafungua Emacs nikabonyeza kukokotoa upya.

Ile $4 haikujua kwamba Jumla imehama. Ikaandika asubuhi jumlisha jioni juu ya Ndama, yaani lita 2 za ndama zikawa 14. Na $6, ambayo sasa ni Bei, ikajazwa $4 mara $5, yaani 14 mara 14, bei ya lita ikawa 196 badala ya 1200! Siku iliyofuata 169. Mwezi mzima wa bei ukafutika, na kwa vile kolamu ya Fedha haikuguswa mimi nikaangalia pale mwisho tu, nikaona sawa, nikasevu. Aliyegundua ni mama. "Mwanangu, mbona bei hii siyo ya kwetu?" Nikaona aibu kweli, maana zile ni hela zake, anaamka saa kumi usiku kwa ajili ya hizo hela. Tulirudisha kila kitu kutoka kwenye daftari lake la karatasi, ambalo bado analo na sitamwambia aliache.

Ukweli ni kwamba ningechomeka kolamu ndani ya Org yenyewe, Alt na Shift na mshale wa kulia, ingejirekebishia namba za fomula. Lakini faili la maandishi unalishika popote, hiyo ndo raha yake, kwa hiyo siku moja utalihariri nje tu, wewe au mdogo wako. Ndo nikahamia kwenye majina.

Linavyokaa sasa ni hivi:

|   | Siku | Asubuhi | Jioni | Ndama | Jumla | Bei  | Fedha |
| ! | Siku | Asubuhi | Jioni | Ndama | Jumla | Bei  | Fedha |
|---+------+---------+-------+-------+-------+------+-------|
| # | 1    | 8       | 6     | 2     | 12    | 1200 | 14400 |
| # | 2    | 7.5     | 5.5   | 2     | 11    | 1200 | 13200 |
#+TBLFM: $6=$Asubuhi+$Jioni-$Ndama::$8=$Jumla*$Bei

Kolamu ya kwanza kabisa ni ya alama tu. Mstari wenye alama ya mshangao ndo unazipa kolamu majina. Mistari yenye alama ya reli (#) inakokotolewa yenyewe ukibonyeza Tab au Enter. Na hapa wengi wanakwama, hata mi nilikwama: ukishaanza kutumia hii kolamu ya alama, mstari ambao hauna reli wala nyota (*) pale mbele unarukwa ukikokotoa jedwali zima. Niliongeza siku tatu bila reli nikabaki nashangaa kwa nini Jumla tupu, fomula sahihi, majina sahihi, nimekaa nusu saa.

Sasa sheria ya majina yenyewe. Kitabu cha maelekezo cha Org kinasema jina lianze na herufi, na baada ya hapo liwe herufi na tarakimu tu. Sentensi moja, unaisoma unapita, mpaka uwe Mswahili mwenye ng'ombe.

Maana kolamu yangu ya kwanza niliyotaka kuipa jina ilikuwa Ng'ombe, idadi ya waliokamuliwa siku hiyo. Nikaandika $Ng'ombe kwenye fomula, ikarudi #ERROR. Nikakagua kila kitu, mabano, nukta pacha, kumbe ni ritifaa, ile ' ya katikati! Ritifaa siyo herufi wala tarakimu, kwa hiyo lile jina halikusajiliwa kabisa, na kwenye fomula ikasomwa $Ng peke yake, jina ambalo halipo. Sisi tuna maneno mengi ya ng', ng'ombe, ng'ambo, king'ora, kwa hiyo nasema wazi: andika Ngombe. Inaniuma kidogo kuliandika hivyo, lakini kile kichwa cha kusomwa na watu unakiweka kwenye mstari wa juu wa kawaida, pale andika Ng'ombe na ritifaa yake, weka na nafasi, andika "Waliokamuliwa leo" ukitaka. Mstari wa mshangao ni wa mashine, na ukitoa faili kwenda PDF hauonekani.

Kistari ndo hatari zaidi, kwa sababu hakikupi #ERROR. Nilikuwa na Bei na nikaongeza Bei-mgahawa, bei ya kuuzia mgahawani. Nikaandika $Jumla*$Bei-mgahawa. Kwenye kisanduku ikatokea 14400 - mgahawa. Imesoma Bei, ikazidisha, halafu ikatoa kitu kinachoitwa mgahawa, na kwa kuwa anayekokotoa nyuma yake ni Calc, programu ya hesabu ya Emacs inayojua aljebra, neno isilolijua inaliacha kama lilivyo badala ya kulalamika. Ndo hivyo hivyo ukisahau dola, ukaandika $Jumla*Bei unapata 12 Bei. Ukiona neno limebaki kwenye jibu lako jua hapo pana jina halijatambuliwa. Mi sasa naandika BeiMgahawa, limeungana.

Na kuanza na tarakimu usijaribu, dola ikifuatwa na tarakimu tayari ina maana ya kolamu namba fulani. Ngombe1 sawa, 1Ngombe hapana.

Kitu kingine, siyo kila kitu kiwe kolamu. Kama bei ni moja mwezi mzima kwa nini uiandike mara thelathini? Weka mstari wenye alama ya dola pale mbele, kisanduku kimoja kiwe lita=1200, halafu kwenye fomula $Jumla*$lita. Sheria ya jina ni ile ile. Mama akipandisha bei nabadilisha sehemu moja. Mi kwetu bei inabadilika katikati ya mwezi ndo maana nimeacha kolamu.

Jambo moja bado halijanikaa vizuri. Angalia fomula yangu tena, upande wa kushoto wa alama ya = bado ni $6 na $8. Jina la upande wa kushoto Org inalichukulia ni la kisanduku kimoja kilichopewa jina, siyo la kolamu, na hata mfano wa kwenye kitabu chao unatumia namba pale. Kwa hiyo kolamu mpya ikichomekwa nje ya Emacs, kulia patakuwa salama na kushoto patakosea. Nimeandika kwenye mstari wa kwanza wa faili, kwa ajili ya mdogo wangu: "Ukiongeza kolamu, hesabu upya namba za kushoto kabla hujakokotoa." Jana kaongeza ya Dawa, kaniletea simu niangalie, kushoto kabadilisha zote mbili, $7 na $9.