Mbona mnaanza na chupa?

Tangu Jumamosi maneno ya mama mmoja wa Masese, kando ya ziwa hapa Jinja, Uganda, hayajanitoka, na kila ninapodhani nimekwisha kuyajibu moyoni, yanarudi upya na jibu langu linaonekana jepesi. Wengi wenu mnamfahamu kutokana na niliyoandika zamani: ndiye yule anayepita alfajiri kando ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kabla wanawake hawajatandaza mukene, yaani dagaa, juani, akiokota chupa za plastiki na kuzitia guniani.

Kikundi chetu cha kujitolea kusafisha, cha mtaa wa Walukuba, kilikuwa kimeteremka na mtaro kama kawaida, kwa reki, majembe na magunia, kuelekea ziwani. Alisubiri hadi wenzangu waliponitangulia, ndipo akanisogelea.

“Mwalimu, chupa hizi mnazipeleka wapi?”

Nikamweleza kwamba tunazipeleka kwa mnunuzi anayezipima kwa kilo, na kwamba fedha inayopatikana ndiyo inayonunua glavu na magunia ya siku nyingine.

“Hata mimi nampelekea huyohuyo,” akasema. “Ninyi mkipita Jumamosi, Jumapili mimi sina cha kupima.”

Nikamwambia, “Mama, tunasafisha ili ziwa letu lipone.”

“Safisheni, mwalimu. Lakini mbona mnaanza na chupa?”

Hakuyasema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika, kwa maana watu wenye hasira tumekwisha kuwazoea. Aliuliza kwa utulivu wa mtu anayetaka kujua, kisha akajitwika gunia lake na kwenda zake. Juma hili dada yangu amejifungua salama mtoto wa kiume, shuleni tumepokea mwalimu mkuu mpya, na mvua imeezua paa la jiko la jirani, lakini mimi nimeshinda na swali hilo moja tu: mbona tunaanza na chupa?

Sababu ninazijua. Chupa ni nyepesi, hujaza gunia upesi, haimchafui sana mwokotaji, na magunia yakipangwa ukutani kila mpitaji anaona kwamba kazi imefanyika. Zaidi ya hayo, chupa ina bei. Lakini kwa sababu hiyohiyo ya bei, chupa haikai mtaroni muda mrefu hata kama sisi hatukupita. Yule mama anaiokota, anakung'uta mchanga, anaondoa kifuniko kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine inayouzwa peke yake, anaikanyaga iwe bapa, na anatenga zile angavu na zile za rangi. Ninamwona kuwa fundi wa urejelezaji kuliko yeyote kati yetu, ingawa hajawahi kuketi katika semina hata moja wala kupewa fulana.

Kinachobaki mtaroni ni kile kisichonunuliwa na mtu. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, imebaki, ingawa sheria ya kuzuia ile mifuko myembamba ilipitishwa mwaka 2009 na bado tunafungiwa nyanya ndani yake kila siku. Nepi zimebaki. Vifuko vya waragi, ile pombe kali, vilivyopigwa marufuku mwaka 2019 bado tunavifukua kwenye tope, maandishi yake yakisomeka vizuri. Na zaidi ya vyote yamebaki maganda ya matoke, ndizi za kupika, ambayo hatuyahesabu hata kuwa taka kwa sababu tunasema yataoza tu.

Kuoza huko ndiko kunakonitia hofu. Dampo la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia nyumba za watu na kuua zaidi ya watu 30. Mlima wa taka wa namna ile una kiasi kikubwa cha mabaki ya chakula, na mabaki yakirundikana bila kupata hewa huoza yakitoa gesi ya methani, huku maji yakijipenyeza na kulegeza rundo zima. Sisi wa Jinja tulilia na wenzetu, kisha tukaendelea kutupa maganda na kaveera katika rundo moja.

Kufikia Jumatano uchungu ulikuwa umenigeukia kuwa ari, hata nikashindwa kulala. Katika kikao nilisema wazi kwamba kazi ya kujitolea inapaswa kuanzia pale soko linapoishia: chupa tumwachie mama na wenziwe, hata tuwawekee kando zile tunazozifukua, nasi tuzibue mitaro, tukusanye kaveera, na kuwaomba akina mama wa hotelini watutengee maganda katika ndoo za peke yake. Maganda yakikauka huunguzwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo hadi yawe makaa, yakasagwa, yakachanganywa na uji wa muhogo na kufinyangwa vitonge vya kupikia. Kazi hiyo inachafua mikono na haipendezi katika picha, lakini hakuna anayenyang'anywa mkate wake.

Mweka hazina alipinga, na hoja yake ina uzito: bila fedha ya chupa glavu zitatoka wapi, na nani ataingiza mkono mtupu penye nepi na vioo? Vijana wawili wakajitolea kutafuta pipa. Mwenyekiti akataka tujaribu kwanza upande wa mwaloni peke yake, na tukaachana tukiwa tumekubaliana hivyo, ingawa si wote waliotoka wakiwa wameridhika. Mimi nimeridhika. Jumamosi nitamtafuta yule mama, nimwombe atufundishe kuchambua, na kama kikundi kitakubali, kitu cha kwanza kitakacholipwa kwa fedha ya makaa kiwe glavu zake.

Ningeandika zaidi, lakini usiku umekwenda na akili yangu iko njiani. Baba watoto alinipigia juzi akiwa Malaba, mpakani na Kenya, akasema foleni ya malori ni ndefu na dawa zake za sukari zinakaribia kumwishia, na tangu hapo simu yake haipatikani.