Modeli ya Red Dwarf, wiki ya sita: kimondo kimeyeyuka

Sasa hii ndio wikendi imenitesa kuliko zote tangu nianze. Bodi ya meli ya Red Dwarf, ile komedi ya angani ya tivii ya Uingereza, iko sawa, lile bomba la plamba la inchi nne limebeba vitufe vya kibodi mbovu nilizookota Luthuli Avenue, Nairobi, ukisimama mbali kidogo unaona kabisa chuma cha meli ya kuchimba madini. Mdomo wa mbele, ule wa kufyonza hidrojeni, nimekata faneli ya mafuta taa nikaipiga msasa mpaka vidole vikawaka. Tatizo likawa kile kimondo kilichokwama ubavuni. Nilikichonga kwa ile sponji nyeupe inayokuja na katoni ya tivii, siku mbili nzima, halafu nikapuliza rangi ya kopo na kikaanza kuzama hapo hapo mbele yangu, mashimo yanafunguka, harufu kali, dakika mbili hakuna kimondo. Jamaa wa hadwea alipoona kilichobaki akaniambia, "Kijana, hiyo rangi inakula sponji, ungepaka ya maji kwanza." Nilikaa kwa ngazi za ploti nikiwa nimeumia kweli.

Basi tukaacha kazi tukawasha laptopu, mimi na bro na jirani wa juu, tukarudia zile epsodi za baada ya kipindi kufufuliwa. Back to Earth ilitoka Aprili 2009 kwa chaneli ya Dave, sehemu tatu, miaka kumi baada ya sizoni ya nane, na haina kicheko cha watazamaji hata kimoja. Nilipoiona mara ya kwanza niliichukia. Safari hii nimemwangalia Lister akimwomboleza Kochanski, mpenzi wake wa zamani. Lister ni mtu aliyelala miaka milioni 3 akaamka wenzake wote wameuawa na mionzi, amebaki na hologramu ya Rimmer aliyekuwa bosi wake na kiumbe aliyetokana na paka wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza ule ukimya ukanishika. Craig Charles, anayeigiza Lister, alikuwa ameshazeeka kidogo na inaonekana usoni, na mimi naona inafaa kabisa.

Bro hakubali. Kwake bila watu kucheka sio Red Dwarf, anasema ilifufuka 2012 na sizoni ya kumi, studio imejaa watu tena, Chris Barrie, yule Rimmer, akipata kicheko anajua kukisubiri kiishe ndio aendelee. Hapo namuelewa. Na kuna kitu kingine cha sizoni hiyo kinachonigusa mimi fundi: 1998 walikuwa wametoa modeli kwenye zile epsodi za zamani wakaweka picha za kompyuta, lakini ya kumi wakarudia modeli za mkono. Unaona mwanga ukipita juu ya kitu kilichopo.

Jumapili asubuhi nikapata jibu bafuni. Lile jiwe la kusugulia visigino! Limetoka kwa volkano, lina matundu yake, halijali rangi yoyote. Nimelivunja kwa nyundo, nikapaka supaglu, nikapitisha redi oksaidi pembeni pale linapokutana na bodi, na limekaa kama lilianguka lenyewe.

Kesho jioni nikitoka kazi napitia Luthuli kutafuta taa ndogo za LED za madirisha. Injini za nyuma bado sijaamua ziwake rangi gani, lazima nirudie epsodi ya kwanza ya 1988 nikisimamisha picha kwa picha.