Jinsi sisi watano wa mbele tulivyojifunza kusogea pamoja

Siku ya pili ya mazoezi ya Agosti ya timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kocha mpya alichora miduara mitano ubaoni, akaweka alama za wapinzani mbele yake, kisha akazifuta zote kwa kiganja. "Aliye mbele yako si wako tena," akasema. "Chako ni kipande cha uwanja." Maneno niliyasikia vizuri, ila sikujua anataka nifanye nini. Mwaka mzima uliotangulia nilikuwa nimefundishwa kwamba kila mpango una mtu wangu. Nimtafute, nimsukume, nisimwachie mpaka filimbi ilie.

Mimi nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kwa wazazi waliotoka Fizi, mashariki mwa Kongo. Tulifika Des Moines, Iowa, nikiwa na miaka 14. Mpira niliokuwa nao moyoni ni ule wa miguu, tuliocheza kwenye vumbi jekundu. Lakini nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wote, na nilipofika kilo 115 kocha msaidizi alinisimamisha kwenye korido ya shule, akaniuliza kama nimewahi kuvaa helmeti. Sikuwahi. Nikaenda tu, na nikaupenda.

Kwa asiyeujua futiboli ya Kimarekani: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifaulu inapewa manne mengine. Kati ya wachezaji 11, watano wa mbele wana kazi ya kufungua njia na kumlinda kwotabeki, yule anayeamua mpira uende wapi. Katikati yuko senta, anayeurudisha mpira nyuma kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Kushoto na kulia kwake wako magadi wawili, na nje yao wawili wengine. Mimi nilikuwa wa mwisho upande wa kulia. Sisi watano tunavaa namba kati ya 50 na 79, na kwa kawaida hatuna ruhusa ya kudaka pasi ya mbele. Gazeti la mtaa likiandika mechi, majina yetu hayamo.

Ofensi yetu ya zamani, yaani mfumo wetu wa kushambulia, ilikuwa Wing-T, ile iliyokomaa Chuo Kikuu cha Delaware tangu miaka ya 1950. Kwotabeki anasimama karibu kabisa na senta, nyuma yake tu, watu wamebanana, gadi anachomoka nafasi yake na kukimbilia upande wa pili kumgonga mtu asiyemtarajia. Ni ofensi ya kudanganya macho, na niliipenda kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kocha mpya aliitupa yote. Kwotabeki alirudi nyuma yadi tano, nafasi kati yetu zikapanuliwa, na mbio zetu karibu zote zikawa za zoni.

Zoni inasema hivi. Mpango ukiwa wa kulia, sote watano tunapiga hatua fupi ya mguu wa kulia kwa wakati mmoja, kama sentimita 15 tu. Ukiwa na mlinzi mbele yako, wewe umefunikwa, basi pambana naye. Usipokuwa naye, uko wazi, basi msaidie jirani yako wa upande ule mpira unakokwenda. Wawili mnamsukuma mmoja, nyonga kwa nyonga, huku macho yenu yakimtazama mlinzi wa safu ya pili aliye nyuma yake. Huyo akija upande wangu, ninamfuata mimi na kumwachia gadi yule wa mbele. Akija upande wa gadi, anatoka gadi, mimi nabaki. Hakuna anayejua mapema nani atatoka. Hapo ndipo palipotushinda.

Mechi ya kwanza ilikuwa aibu. Wakati mwingine tulitoka wote wawili, yule wa mbele akabaki peke yake na kumwangusha mkimbiaji wetu kabla hajapiga hatua mbili. Wakati mwingine hatukutoka hata mmoja. Mara mbili niliondoka kabla ya mpira na timu ikarudishwa yadi tano. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha taa. Mama alikuwa anajiandaa kwenda zamu ya usiku. Akaniuliza, "Papa, wamekuumiza?" Nikamwambia hapana, mama, ni mimi sijui pa kwenda. Akasema, "Basi uliza. Wewe huulizi." Akachukua koti lake akatoka.

Ni kweli sikuwa nauliza. Kiingereza changu kilitosha darasani, lakini uwanjani maneno yalipita mbio, na niliona haya kumfanya kocha arudie. Usiku ule nilichukua daftari nikaandika kanuni zote upya kwa Kiswahili. Juu kabisa niliandika swali moja: NIMEFUNIKWA AU NIKO WAZI? Chini yake nikachora kila namna ambayo wapinzani wanaweza kujipanga na jibu la kila moja. Kwa Kiingereza kanuni hizo zilikuwa sauti za kocha, na nilipoziandika kwa lugha ninayowazia niliona kwamba ni chache mno. Swali moja, kisha lingine: kama niko wazi, jirani yangu ni yupi?

Jirani yangu alikuwa gadi wa kulia, kijana ambaye familia yake ilitoka Mexico, wakikaa jengo la pili kutoka letu. Jumapili nilimgongea mlango nikiwa na daftari. Hakuweza kulisoma, ila michoro aliielewa, na akaniambia jambo lililonishangaza: naye alikuwa anadhani mwenye makosa ni yeye. Tangu siku hiyo, karibu kila jioni baada ya chakula, tulishuka kwenye maegesho ya magari. Pipa la taka lilikuwa mlinzi wa mbele, mdogo wake alikuwa wa safu ya pili. Hatua fupi, nyonga kwa nyonga, macho juu. Mdogo wake anakwenda kushoto au kulia apendavyo, na sisi tunatoka au tunabaki. Tulianza kwa mwendo wa kutembea. Wiki ya pili sikuhitaji tena kumtazama gadi. Nyonga yake ilipolegea kwenye yangu nilijua anatoka, na miguu yangu ilijikita kabla sijawaza.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma kanuni zangu mpaka nikazihifadhi, na bado nilikuwa nakosea, kwa sababu nusu ya kila jibu iko kwenye mwili wa mwenzako. Tulimweleza senta, akaja na gadi wa kushoto, naye akamleta wa mwisho. Tukawa watano kwenye maegesho. Senta ndiye aliyetufundisha kusema. Kabla ya mpira kutoka anamwonyesha kwa kidole mlinzi wa kati wa safu ya pili, anaita namba yake, na kila mmoja wetu anahesabu kuanzia hapo. Mimi na gadi tunaambizana kwa sauti kama tuko pamoja au kila mtu peke yake. Nilikuwa mkimya tangu nifike Marekani. Kwenye safu yetu ya mbele ukimya wangu ulikuwa unamwangusha kwotabeki.

Kilichobaki kigumu kuliko vyote kilikuwa kumwacha mtu kwa makusudi. Mpango ukienda kushoto, mlinzi wa pembeni upande wangu haguswi. Mimi nampita, nakwenda ndani kumsaidia gadi, kisha napanda safu ya pili. Kwotabeki ndiye anayemsoma: akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anauvuta mpira na kupita palepale alipotoka. Akibaki, mkimbiaji anapewa. Anayesifiwa kwa kuuanzisha mpango huu ni Rich Rodriguez, alipokuwa kocha wa chuo kidogo cha Glenville State, West Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni hesabu nzuri, kwani mtu mmoja anatolewa mchezoni bila kuguswa. Lakini kifua changu kilikataa. Kumpa mgongo mtu mwenye kilo 100 anayeelekea kwa rafiki yako ni kinyume cha kila nililofundishwa. Wiki tatu nilikuwa nikimgusa kidogo kwa mkono nikipita, na mguso huo ulinichelewesha kufika kwa mlinzi wa safu ya pili.

Siku hizo nilikuwa natazama sana video za watu wawili. Mmoja ni Tristan Wirfs, mtoto wa Mount Vernon hapahapa Iowa, aliyecheza nafasi yangu kwa timu ya Tampa Bay na kushinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, katika msimu wake wa kwanza. Wa pili ni Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye ragbi. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 kabla hajacheza hata mechi moja ya mchezo huu. Nilitazama miguu yao tu, na hasa jinsi Mailata anavyompita mtu asiye wake bila hata kugeuza kichwa.

Mechi ya nne mama alipata ruhusa kazini akaja, amejifunga kitenge juu ya jaketi kwa baridi. Robo ya tatu tulikuwa karibu na yadi 30 za wapinzani, mpango ukaitwa kushoto. Senta akaonyesha, gadi akaniambia tuko pamoja. Kwotabeki akapiga makofi, ishara ya senta kuutoa mpira. Nilipiga hatua ya kushoto, nikampita yule wa pembeni bila kumgusa, nikakuta nyonga ya gadi mahali ilipo siku zote. Mlinzi wa mbele akasogea, gadi akamchukua mzimamzima, nami nikapanda nikamfikia wa safu ya pili chini ya mabega. Tulianguka wote wawili. Nikiwa chini nilisikia miguu ya mtu mmoja ikipita upande wangu, mahali nilipopaacha, kisha kelele za jukwaani. Mpira wenyewe sikuuona.

Nyumbani nilimuuliza mama kama aliona kwotabeki alivyofunga. Akasema hakuona. "Nilikuwa nakutazama wewe. Ulianguka ukachelewa kuinuka."

Jumatatu kocha alituonyesha picha za mpango huo. Aliisimamisha video pale makofi yanapolia, akaisogeza kidogokidogo mpaka miguu mitano ya kushoto ikawa hewani kwa pamoja. Hakusema kitu. Aliirudisha mwanzo, akaionyesha tena, na tena. Kisha akawasha taa, akatuambia tuvae viatu tutoke nje, kwa sababu mpango huohuo ukienda kulia gadi wa kushoto bado anachelewa.